Maji Yamo Ndani ya Maziwa

Mwaka 2014 kampuni ya Nestlé ilizindua nchini Meksiko mradi ilioupa jina la Cero Agua. Kiwanda chake cha maziwa ya unga cha Lagos de Moreno, katika jimbo la Jalisco ambako maji ya ardhini yanagombaniwa, kingeacha kuchota kisimani na kuendeshwa kwa maji yanayotoka kwenye maziwa yenyewe. Kampuni ilikadiria kuokoa lita milioni 1.6 kwa siku. Baadaye wazo hilohilo lilipelekwa Mossel Bay, Afrika Kusini, wakati ukame ukilibana eneo la Cape. Tangu hapo, kila yanapojadiliwa maji ya viwanda vya maziwa, hakosekani wa kuuliza: mbona sisi hatufanyi hivyo?

Swali ni halali, ila limeanzia mkiani. Kuna kiwanda kinachouza unga, kuna kinachouza jibini, kuna kinachouza maziwa ya pakiti na mtindi, na kwa habari ya maji vitatu hivi vimeshirikiana jina tu. Cha kwanza hutoa maji kwenye maziwa ili kiuze kilichobaki. Cha mwisho humuuzia mteja maji hayohayo, tena kwa bei ya maziwa. Kabla ya kuuliza mtambo gani ununuliwe, inafaa kuuliza kiwanda kinauza nini. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Tuanze na unga, maana ndiko kwenye maji mengi. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Kilichobaki ni mafuta, protini, laktosi na madini. Chukua kiwanda kinachopokea tani 100 za maziwa kwa siku, yenye asilimia 12.5 ya vitu vikavu. Maziwa hayo hupitishwa kwanza kwenye mtambo wa kuvukiza, ambao ni msururu wa vyombo vyenye mirija mirefu iliyosimama wima. Maziwa huteremka ndani ya mirija kwa tabaka jembamba, na mvuke huipasha kwa nje. Kwa kuwa hewa imenyonywa, maji huchemka kwenye nyuzi 45 hadi 70 tu, na maziwa hayaungui. Mvuke unaotoka kwenye maziwa ya chombo cha kwanza hutumwa kukipasha cha pili, wa cha pili hukipasha cha tatu, na kila unapomaliza kazi yake hupoa ukawa maji. Maziwa mazito yanapofikia asilimia 50 ya vitu vikavu, zimebaki tani 25. Tani 75 zimekuwa maji ya mvuke, yana joto na karibu hayana chumvi. Tani nyingine 12 hivi hutoka baadaye kwenye mnara wa kukaushia, zikichanganyika na hewa moto, na hizo hupotelea angani kwa sababu kuzikamata ni ghali.

Kiwanda kilichopangika vizuri hutumia kati ya lita 1 na 2 za maji kwa kila lita ya maziwa inayopokewa. Kikikaribia lita 1, zile tani 75 ni robo tatu ya mahitaji yake yote. Robo iliyobaki hupatikana kwa kubana matumizi. Hapo Jalisco haina muujiza wowote. Ina hesabu ya kujumlisha na kutoa, na nidhamu ya kuifuata.

Afrika Mashariki tuna viwanda vya namna hiyo, na viko mahali ambapo hesabu hii ina uzito. Kusini-magharibi mwa Uganda, Mbarara, kampuni ya Pearl Dairy hukausha maziwa ya ukanda wa wafugaji na kuuza unga nje ya nchi. Mji huo hunywa maji ya Mto Rwizi, mto uliodhoofika kwa miaka mingi kwa sababu ya kilimo kwenye ardhioevu, uchimbaji wa mchanga na ufyatuaji wa matofali. Rwanda nayo ilipata mwaka 2024 kiwanda cha unga cha Inyange huko Nyagatare, wilaya ya wafugaji upande wa mashariki, ambako mvua ni chache kuliko sehemu kubwa ya nchi hiyo. Kenya hukausha maziwa ya ziada msimu wa mvua, yanapofurika kuliko soko linavyoweza kuyanywa. Katika mazingira ya namna hii, kumwaga maji ya mvuke mtaroni huku pampu upande wa pili ikichota kisima au mto ni uzembe wa kupanga. Haiwi tena suala la teknolojia.

Sasa nenda Tanga au Iringa, Tanzania. Kampuni za Tanga Fresh na ASAS zimejijengea jina kwa maziwa ya pakiti na mtindi. Hapa lita ya maji iliyoingia na maziwa hutoka ndani ya pakiti, na hakuna mtambo wa kuvukiza wa kuvuna kitu. Anayekiahidi kiwanda cha mtindi kwamba kitaacha kabisa kuchota maji, ama anazungumzia kusafisha majitaka hadi yanyweke, jambo la bei na hatari nyingine kabisa, ama ana mashine ya kuuza. Tena kuna viwanda vinavyokwenda kinyumenyume: hununua unga ulioagizwa kutoka nje na kuuchanganya na maji ya hapa kupata maziwa ya kuuza. Kule unga ulikotoka maji yalibaki. Huku kisima chetu ndicho kinachoyalipa.

Jibini liko katikati. Lita 10 za maziwa hutoa takribani kilo 1 ya jibini gumu, na zaidi ya lita 8 zinazobaki ni maji ya jibini, kimiminika cha kijani-njano chenye laktosi, protini kidogo na maji kiasi cha asilimia 94. Ulaya kimiminika hiki kilikuwa kikipewa nguruwe au kikimwagwa mtoni, hadi viwanda vilipojifunza kukichuja na kuuza protini yake kwa wajenga misuli. Maji yanayobaki baada ya kuchujwa hurudishwa kazini. Kwetu watengeneza jibini wengi ni wadogo, na kwao jawabu la busara bado ni ng'ombe na nguruwe wa jirani.

Kwa kiwanda cha maziwa ya pakiti, ambacho ndicho kilichoenea zaidi kwetu, kitu cha kwanza cha kuokoa ni maziwa, kabla ya maji. Hili wengi hawalioni kwa sababu maziwa yanayopotea hayaonekani: yamebaki kwenye kuta za mabomba, yamemwagika pale mashine ya kupakia ilipokwama, yamesukumwa mtaroni na maji wakati wa kubadilisha bidhaa. Lita moja ya maziwa mtaroni huhitaji takribani gramu 100 za oksijeni ili bakteria waimalize. Mtu mmoja kwa uchafu wake wa siku nzima huhitaji 50 hadi 60. Kiwanda cha lita 100,000 kwa siku kikipoteza asilimia 2 tu, kimemwaga lita 2,000, mzigo unaolingana na majitaka ya mji wa watu zaidi ya 3,000. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka majitaka yanayoachwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za mahitaji hayo ya oksijeni kwa lita. Mtu akitaka kudanganya kwa kuzimua, kila lita ya maziwa iliyopotea itamdai zaidi ya lita 3,000 za maji safi. Na zile lita 2,000 za kila siku ni lita 730,000 kwa mwaka, zilizokwishalipwa kwa mfugaji, zikapozwa, zikasafirishwa, halafu zikageuzwa tatizo.

Dawa zake hazina fahari ya kukatiwa utepe. Bomba liwe na mteremko ili lijikaushe. Kizibo cha mpira kisukumwe kwa hewa kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, kikisukuma maziwa mbele yake kuelekea kwenye tangi badala ya kuyafukuza kwa maji. Mtindi uliomwagika sakafuni uzolewe kwa reki kabla ya mtu kushika mpira wa maji, na mpira wenyewe uwe na bastola inayojifunga mkono ukiuachia. Nimeona wakaguzi wakipita mbele ya mpira unaotiririka bila mtu ili wakatazame ramani ya mtambo mpya wa kuchuja.

Baada ya hapo ndipo tufike kwenye usafishaji wa mitambo, ambako maji mengi ya kiwanda huishia. Mabomba na matangi hayafunguliwi yasuguliwe. Dawa huzungushwa ndani yake. Huanza maji ya kusuuza, hufuata kostiki soda ya asilimia 1 hadi 2 kwenye nyuzi 70 au 80, maji tena, asidi ya naitriki ya kung'oa magamba ya madini, maji tena, kisha dawa ya kuua vijidudu. Kwa mpango wa kizamani kila maji hupita mara moja na kwenda. Lakini maji ya kusuuza ya mwisho ni safi kuliko yanavyohitajika kwa kusuuza kwa kwanza, ambako kazi ni kuondoa maziwa yaliyobaki tu. Ukiyaweka kwenye tangi hadi mzunguko ujao, maji yaleyale yamefanya kazi mbili. Soda nayo hurudishwa kwenye tangi lake na kuongezwa makali, siku baada ya siku, hadi uchafu uzidi.

Kinachokwamisha hapa mara nyingi ni saa. Mashine zimepangwa kwa dakika: suuza dakika nane, soda dakika ishirini. Aliyepanga siku ya kwanza aliogopa, akaongeza dakika mbili za tahadhari, aliyemfuata akaongeza moja, hakuna aliyepunguza. Saa haijui maji yamesafika lini. Kihisi kinachopima namna maji yanavyopitisha umeme ndicho kinachojua, kwa sababu soda na asidi hupitisha umeme vizuri sana na maji safi hupitisha kidogo. Kipimo kikishuka, vali inafungwa. Kihisi hicho ni kitu kidogo ukilinganisha na mtambo wa kuchuja majitaka, na kiwanda kisichokuwa nacho hakina sababu ya kuomba mkopo wa mtambo huo.

Maji ya kupozea yanahitaji maneno machache. Yanapita upande mmoja wa bamba la chuma, maziwa upande mwingine, hayagusani. Yakitoka yana joto na ni safi. Kuyamwaga ni kumwaga maji ya kunywa. Hata kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kijijini, maji yaliyopoza maziwa ya asubuhi yanaweza kwenda moja kwa moja kwenye hori la ng'ombe, na ng'ombe hupenda maji yenye uvuguvugu.

Turudi kwenye maji ya mvuke, kwa sababu jina lake linadanganya. Ni maji yaliyochemka yakawa mvuke, kwa hiyo msikilizaji hudhani ni safi kama ya maabara. Siyo. Yanabeba harufu na asidi nyepesi zinazovuka pamoja na mvuke, na povu likipanda kupita kiasi yanabeba matone ya maziwa yenyewe. Hayana madini ya kuyatuliza, kwa hiyo hula chuma. Na yanatoka yakiwa na uvuguvugu, jambo linalowapendeza bakteria kuliko wanadamu. Maji ya mvuke yaliyolala kwenye tangi kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu huota ute kwenye kuta, na ute huo ukishashika ndani ya mabomba hauondoki kwa kusuuza. Ndiyo maana viwanda vinavyofanya kazi hii vizuri huweka kihisi kwenye mkondo kinachoyageuza maji kwenda mtaroni mara tu yanapoonyesha dalili ya maziwa. Kisha huyapoza haraka au kuyaweka moto, huyapitisha kwenye chujio la osmosisi kinyume ambalo husukuma maji kwa shinikizo na kuacha nyuma karibu kila kilichoyeyuka, na mwishoni huyamulika kwa mionzi ya urujuanimno au kuyatia klorini. Hata chujio hilo halizuii kila kitu: yurea ni ndogo, na sehemu yake hupenya.

Lakini si kila kazi inadai usafi huo wote. Mwaka 2023 tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya chakula vya dunia, ilipitisha mwongozo wa matumizi na matumizi ya marudio ya maji katika uzalishaji wa chakula. Wazo lake kuu ni kwamba maji yafae kwa kazi yanayopewa, na hatari ipimwe kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo FAO na WHO walichapisha ripoti ya wataalamu inayohusu viwanda vya maziwa peke yake. Wamarekani walikwishafika hapo zamani: sheria yao ya maziwa hugawa maji yaliyotolewa kwenye maziwa katika madaraja, yale yanayoweza kugusa bidhaa, yale ya kazi zilizowekewa mipaka, na yale ya kazi kama za boila. Ngazi hii ndiyo ningetaka ionekane kwenye kuta za viwanda vyetu. Boila ndiyo ngazi ya chini na yenye faida ya haraka. Maji ya mvuke hayaachi magamba kwenye boila, yakirekebishwa tu ile asidi. Tena yana joto. Tani 75 zilizo na nyuzi 30 zaidi ya maji ya kisima zimebeba nishati ya kilowati-saa 2,600 hivi kila siku, na boila yetu inayokula kuni au mafuta mazito italiona hilo kwenye bili kabla ya mita ya maji. Hesabu ikipigwa kwa uaminifu, mara nyingi joto ndilo linalolipa mradi, na maji huja kama nyongeza.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mabomba yenyewe. Mtambo unaweza kuwa wa kisasa, halafu fundi wa zamu ya usiku akaunganisha bomba la maji ya boila na la maji ya kusuuzia mashine ya kupakia kwa sababu yalikuwa karibu. Mabomba ya maji ya marudio yanahitaji rangi yake, vali zisizorudisha nyuma, na mchoro ambao fundi wa usiku ameuona. Na bomba la vyoo lisikutane na bomba la kiwanda mahali popote ndani ya uzio.

Mwisho wa mstari ni majitaka yenyewe. Haya yanasafishika: laktosi ni chakula kizuri cha bakteria wasiohitaji hewa, na gesi wanayotoa huweza kuchomwa kwenye boila. Mafuta ndiyo husumbua, huelea na kuziba, kwa hiyo lazima yaondolewe kwanza. Baada ya hapo maji mengi ya namna hii huishia kumwagilia majani ya mifugo, na sina ugomvi na hilo, kwa sharti moja ambalo husahaulika. Kostiki soda huacha sodiamu. Udongo wa mfinyanzi ukinyweshwa sodiamu miaka kadhaa hugandamana, maji yakawa hayazami tena. Kuna viwanda ughaibuni vilivyobadili soda vikatumia dawa ya potasiamu, ambayo mmea huihitaji. Ni ghali zaidi kwa kilo, lakini shamba linabaki shamba.

Kusafisha majitaka hadi yarudi kugusa maziwa kunawezekana. Windhoek, Namibia, imekuwa ikiwanywesha wakazi wake maji ya namna hiyo tangu 1968. Hata kwa upande wa dini mlango haujafungwa, kwani Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978 kuruhusu majitaka yaliyosafishwa hadi rangi, ladha na harufu vimeondoka. Hata hivyo, kwa kiwanda cha maziwa cha hapa kwetu, leo, naliona jambo hili kuwa la mwisho katika foleni. Linahitaji umeme usiokatika, maabara inayopima kila zamu, na imani ya mnunuzi, ambayo ikivunjika kwa tetesi moja haijengwi kwa tangazo.

Mtu anaweza kusema haya yote ni tone. Kwa wastani wa dunia, lita moja ya maziwa imebeba nyuma yake takribani lita 1,000 za maji, karibu zote za malisho. Kampuni ya Almarai ya Saudi Arabia ilinunua mashamba Arizona mwaka 2014 ili majani ya ng'ombe wake yalimwe huko, kwa maji ya huko. Ukilinganisha na hayo, lita mbili za kiwandani ni nini? Hoja ina ukweli, lakini inachanganya maji ya aina mbili. Mvua iliyonyesha juu ya nyasi za malisho ya Kiruhura, Uganda, ingenyesha hata pasipo ng'ombe. Maji ya kiwanda yanatoka kwenye kisima kimoja au mto mmoja, ambao nyumba za jirani nazo zinautegemea, na yanarudi kwenye mto huohuo yakiwa na maziwa ndani.

Kwa hiyo ombi langu naliweka kwa mamlaka zinazotoa vibali Kampala, Kigali, Nairobi na Dodoma, na ni la mambo mawili. Kila kiwanda cha maziwa kifunge mita na kitangaze kila mwaka kimetumia lita ngapi za maji kwa lita ya maziwa, na kimepoteza maziwa kiasi gani. Na kiwanda kipya cha unga kisipewe kibali cha kuchota maji kabla hakijaonyesha, kwenye mchoro, tangi ambalo maji yake ya mvuke yatakwenda.